Mchawi na Alama Zake Sita

Mwezi wa Januari 1974, katika mji mdogo wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin nchini Marekani, kulitolewa kisanduku cha rangi ya kahawia chenye vijitabu vitatu vyembamba. Nakala zilikuwa 1,000, bei yake dola 10, na zilikusanywa na kufungwa kwa mikono. Mchezo uliokuwamo uliitwa Dungeons & Dragons, na waandishi wake walikuwa Gary Gygax, mwenyeji wa mji huo, na Dave Arneson wa jimbo jirani la Minnesota. Katika kurasa za mwanzo za kijitabu cha kwanza mlikuwa na hukumu moja ambayo haikuonekana nzito wakati ule: kwamba mtu, awe shujaa au baradhuli, aweza kuelezwa kwa tarakimu sita. Nguvu, Akili, Hekima, Siha, Wepesi na Haiba. Kila moja ikipimwa kuanzia 3 hadi 18. Miongoni mwa wahusika walioumbwa kwa tarakimu hizo yumo mmoja aliyezitia tabu kuliko wenziwe wote, naye ni mchawi.

Mchezo wenyewe ni wa maneno zaidi kuliko wa mikono. Watu wanne au watano hukaa mezani. Mmoja wao ni mwamuzi, ambaye amekwisha kuchora ramani ya mapango na kuyajaza hatari. Waliobaki kila mmoja huvaa nafsi ya mhusika mmoja na kusema kwa kinywa chake anatenda nini. Lenye shaka huamuliwa kwa dadu. Neno mchawi nalo lataka tahadhari. Huyu si yule anayeogopwa usiku mitaani, mwenye kumroga jirani kwa husuda. Ni msomi mwenye joho na kitabu, aliyejifunza sihiri kama mwanachuoni ajifunzavyo nahau, na mema au mabaya atakayoyatenda ni hiari ya mchezaji.

Asili ya dadu hizo ni jeshini. Katika dola ya Prussia, mapema katika karne ya 19, Georg Leopold von Reisswitz alibuni mchezo wa vita wa kuwafunza maofisa, na mwaka 1824 mwanawe akachapisha kanuni zake zilizotumia dadu kukadiria waliokufa na mwamuzi wa kukata shauri. Mchezo wa namna hiyo ulitoka kambini ukaingia majumbani, ukawa burudani ya watu wazima wenye askari wa risasi na subira nyingi. Gygax alikuwa mmoja wao. Mwaka 1971 yeye na Jeff Perren walitoa kanuni za vita vya zama za kati zilizoitwa Chainmail, na mwishoni mwake wakaongeza sehemu ya mambo ya kubuni: mazimwi, majitu, na wachawi. Mchawi wa kitabu kile hakuwa na akili wala siha. Aliweza kurusha tufe la moto, ambalo eneo lake la maangamizi lilikuwa sawa na la manjaniki kubwa, au kupiga radi iliyohesabiwa kama bomu la mzinga mzito. Kwa ufupi, alikuwa mzinga uliovishwa joho.

Jambo lililombadilisha lilitokea Minnesota. Mwaka 1969 David Wesely alisimamia mchezo alioupa jina la mji wa kubuni, Braunstein, ambamo kila mchezaji, badala ya kuamrisha kikosi, alipewa mtu mmoja mwenye shughuli zake na matakwa yake. Arneson alicheza humo, kisha akajenga nchi yake mwenyewe ya kubuni, Blackmoor, ambamo watu hao waliteremka mapangoni na kurudi, ikiwa walijaaliwa kurudi. Kikosi cha askari kinaweza kuhesabiwa kwa idadi. Mtu mmoja hahesabiki hivyo. Lazima iulizwe ni mtu gani. Alama sita za 1974 zilikuwa jibu la swali hilo.

Jibu lenyewe liliachiwa bahati. Dadu tatu zenye nyuso sita zilitupwa mara moja kwa kila sifa, kwa mpangilio uleule, na kilichotoka ndicho kilichoandikwa. Kitabu kilitaka mwamuzi ndiye atupe. Baada ya hapo tu ndipo mchezaji alipotazama alichopewa na kuchagua awe mpiganaji, kasisi au mchawi. Dadu tatu zina njia 216 za kuanguka, na ni njia moja tu inayoleta 18. Njia 20 ndizo zinazoleta 15 au zaidi. Kwa hiyo mtu aliyetamani kuwa mchawi mwenye Akili ya kupigiwa mfano alikuwa na nafasi chini ya moja katika kumi. Aliyepata 9 au 12 alikuwa mtu wa kawaida, na aliyepata 5 akatafuta kazi nyingine au akavumilia.

Akili ndiyo iliyokuwa sifa kuu ya mchawi, kama Nguvu kwa mpiganaji na Hekima kwa kasisi. Mwenye 15 au zaidi aliongezewa asilimia 10 ya uzoefu aliouchuma. Mwenye 13 au 14 asilimia 5. Mwenye 8 au 7 alikatwa asilimia 10, na aliyeshuka chini ya hapo alikatwa 20. Kisha kikafuata kifungu kidogo chenye umuhimu mkubwa: mchawi aliruhusiwa kuihesabu Hekima yake kwa faida ya Akili, pointi mbili kwa moja. Kwa hivyo tangu siku ya kwanza, ndani ya kanuni zilezile zilizomfunga mtu kwa majaaliwa yake, palifunguliwa duka dogo la kubadilishia fedha. Wachezaji waliliona mara moja.

Lakini hapo pana jambo ambalo wasimulizi wengi wa historia hii hulipita haraka. Katika vijitabu vya 1974, Akili ya mchawi haikugusa sihiri zake hata kidogo. Mchawi mwenye Akili 4 alifanya sihiri ileile, kwa nguvu ileile, kama mwenye Akili 17. Tofauti yao ilikuwa mwendo wa kupanda daraja, na lugha, kwani kila pointi iliyozidi 10 ilimpa mtu lugha moja zaidi. Aliyemtenganisha mchawi hai na mchawi maiti alikuwa ni Siha. Mchawi wa daraja la kwanza alikuwa na dadu moja ya uhai, na silaha zote zilijeruhi kwa dadu moja. Mkihesabu, pigo moja lililompata lilimwangusha takriban mara 58 katika 100. Sihiri yake ilikuwa moja kwa siku. Akishaitumia, alibaki ameshika kisu katikati ya pango, akingoja kesho.

Kwa nini moja, na kwa nini iishe? Gygax aliikopa kanuni hiyo kwa Jack Vance, mwandishi wa riwaya wa Marekani ambaye kitabu chake The Dying Earth kilitoka mwaka 1950. Wachawi wa Vance huhifadhi sihiri kichwani kwa juhudi kubwa, na ikishatamkwa hufutika, mpaka kitabu kifunguliwe tena. Ni fikra nzuri, na inamfaa msomi: elimu ni mzigo unaobebwa, na hubebwa kwa kadiri ya kifua. Ajabu ni kwamba mchezo ulikopa mzigo bila kukopa mbebaji. Idadi ya sihiri ilitegemea daraja la mchawi, wala haikuulizwa kichwa chake kina nafasi gani.

Mwaka 1975 Gygax na Rob Kuntz walitoa nyongeza iliyoitwa Greyhawk, na humo Akili ikapata kazi kwa mara ya kwanza. Kila sihiri ilitakiwa ijaribiwe kama mchawi anaweza kuifahamu, na Akili ndiyo iliyoamua. Walakini nyongeza hiyohiyo ilibadilisha dadu za uhai: mpiganaji akapewa dadu yenye nyuso 8, kasisi ya nyuso 6, na mchawi ya nyuso 4. Upanga nao ukaanza kujeruhi kwa dadu ya nyuso 8. Hesabu ya mara 58 ikawa mara 81. Mchawi alipewa kichwa kwa mkono mmoja na kunyang'anywa mwili kwa mkono wa pili.

Kitabu kikubwa cha wachezaji kilichotoka mwaka 1978, katika mfumo ulioitwa Advanced Dungeons & Dragons, kiliyaweka haya katika majedwali. Mchawi alitakiwa awe na Akili isiyopungua 9. Mwenye 9 alikuwa na asilimia 35 ya kuifahamu sihiri yoyote aliyoikuta. Mwenye 18, asilimia 85. Sihiri za daraja la tisa, zile zinazosimamisha wakati au kumtimizia mtu matakwa, zilifungiwa kwa mwenye 18 peke yake. Siha ya 16 iliongeza pointi mbili za uhai kwa kila dadu, na mara 81 za kifo kwa upanga zikashuka hadi mara 56. Wepesi kuanzia 15 ulimsaidia kukwepa mapigo, na yeye kuvaa deraya hakuruhusiwa. Nguvu haikumfaa kitu, na Haiba ilimfaa kidogo.

Mtu akiisoma orodha hiyo kwa makini ataona kwamba dadu tatu zilizotupwa kwa mpangilio hazikuweza tena kutosha. Mchezo uliomtaka mchawi awe na 18 usingeweza kumpa nafasi moja katika 216. Gygax mwenyewe alikiri katika kitabu cha 1978 kwamba mhusika hudumu akiwa na angalau sifa mbili za 15 au zaidi, na mwaka 1979, katika kitabu cha wasimamizi wa mchezo, akaeleza kwamba watu walikuwa wakitupa na kutupa tena mpaka wapate mtu wa kuwaridhisha. Akatoa njia nne za kuhalalisha yaliyokuwa yakifanyika. Iliyopendwa kuliko zote ni ya kutupa dadu nne, kuiacha iliyo ndogo, kurudia mara sita, kisha kuzipanga alama utakavyo. Kwa njia hiyo takriban mtu mmoja katika kila 11 hupata walau 18 moja, na kwa kuwa alama hupangwa kwa hiari, 18 hiyo ya mchawi huenda kwenye Akili bila ya mjadala.

Hapo kitu kilipotea, na ni haki kukitaja. Aliyepewa Akili 10, Siha 15 na Nguvu 14, akang'ang'ania uchawi kwa ukaidi, alikuwa mhusika mwenye kisa kabla hata hajafungua mlango wa pango: mwana wa mhunzi, labda, aliyesoma usiku kwa taa ya mafuta na asielewe zaidi ya nusu. Njia ya kuchagua ilimwondoa mtu huyo duniani. Wachawi wakaanza kufanana kama sarafu za siku moja: Akili juu kabisa, Siha na Wepesi baada yake, Nguvu chini kabisa. Wachezaji walikuwa na uhuru ambao hawakuwa nao mwaka 1974, wakautumia wote kwa namna moja.

Wapo waliolitafuta jibu mahali pengine. Ken St. Andre wa Phoenix, Arizona, alitoa mchezo wake, Tunnels & Trolls, mwaka uleule wa 1975. Kwake yeye sihiri haikusahaulika. Ililipiwa kwa Nguvu, na Nguvu ilirudi kwa kupumzika. Ni kanuni yenye mantiki, kwani kila mwenye kufanya kazi huchoka. Lakini ilizaa kichekesho: mchawi aliyetaka kuendelea ilimbidi ainue Nguvu yake kila alipopanda daraja, na mwisho wake alikuwa na misuli ya hamali wa bandarini. Haikurekebishwa mpaka toleo la 2005, sihiri ilipotengewa sifa yake yenyewe. RuneQuest ya 1978 ilikuwa na sifa kama hiyo tangu mwanzo, ikawapa sihiri wahusika wote, na kwa hivyo mas'ala ya mchawi peke yake hayakuwahusu sana.

Aliyeyatatua ni Steve Jackson, wa Texas, naye aliyatatua katika kijitabu kidogo cha mwaka 1978 kilichochapishwa na Metagaming na kuitwa Wizard tu. Mwaka uliotangulia alikuwa ametoa mchezo wa mapigano ya panga wenye sifa mbili, Nguvu na Wepesi. Sasa aliongeza ya tatu, Akili. Dadu za kuumba mtu aliziondoa kabisa. Kila mchawi alianza na 8 katika kila sifa, akapewa pointi 8 za kugawa apendavyo. Jumla 32, si zaidi wala pungufu. Njia za kuzigawa pointi 8 kwa sifa tatu ni 45.

Uzuri wake haukuwa katika ile bajeti. Bajeti yoyote mtu anaweza kuipanga. Uzuri ulikuwa katika namna sihiri ilivyofanya kazi. Akili iliamua mchawi ajue sihiri ngapi na nzito kiasi gani. Ili sihiri ifanikiwe, mchawi alitupa dadu tatu na kutakiwa asiuzidi Wepesi wake: mwenye Wepesi 8 alifaulu mara 26 katika 100, mwenye 10 mara 50, mwenye 12 mara 74. Na gharama ya sihiri ilitoka kwenye Nguvu, ambayo ndiyo hiyohiyo iliyopunguzwa na majeraha. Basi aliyejaza Akili akafika 16 aliijua kila sihiri ya kutisha, akaishindwa mara tatu katika nne. Aliyejaza Wepesi hakukosea, ila hakuwa na la maana la kufanya. Aliyejaza Nguvu aliweza kurusha mara nyingi mambo madogo na kuumia bila ya kuanguka. Kila pointi ilikuwa na wadai watatu mlangoni. Na mchawi aliyetaka kutumia sihiri kubwa ilimlazimu kila mara ajiulize kama anabakisha uhai wa kutosha kulipokea pigo linalokuja, suali ambalo mchawi wa Lake Geneva, aliyekuwa na mtungi mmoja wa uhai na mwingine wa sihiri, hakuwahi kuulizwa.

Huo ndio usawa kwa maana yake khasa. Kuwanyima watu pointi hakuleti usawa ikiwa haja zote zinauvuta mkono upande mmoja. Kunaleta umasikini tu, na masikini wote watanunua kitu kilekile. Jambo la kushangaza ni kwamba Jackson mwenyewe aliulegeza mkono. Katika GURPS, mfumo alioutoa mwaka 1986 kwa kampuni yake, sihiri nyingi zilifanywa kuwa stadi zinazotegemea Akili, na Wepesi ukabaki kwa zile za kurusha. Uchovu ulibaki, lakini wadai wakapungua, na Akili ikarudi kwenye kiti chake.

Dungeons & Dragons, kwa upande wake, ilikwenda mbali zaidi kwenye njia yake ya zamani. Kampuni ya Gygax, ambayo yeye alikwisha kuondoka kwake, ilinunuliwa na Wizards of the Coast mwaka 1997, na toleo la tatu likatoka mwaka 2000. Hesabu zake zilikuwa safi kuliko zote zilizotangulia, na Akili ya mchawi ikapewa kila kitu: ilimwongezea idadi ya sihiri kwa siku, ilimfungulia daraja za juu, na ilizifanya sihiri zake ziwe ngumu kwa adui kujinusuru nazo. Kununua kwa pointi kuliingia kitabuni rasmi, pointi 25 kwa kiwango cha kawaida, na 18 moja iligharimu 16 kati ya hizo. Bei ilikuwa kali, na wengi waliilipa. Haiba, iliyodharauliwa tangu 1974, ilipata mwenyewe: mchawi wa kuzaliwa, asiyehitaji kitabu, ambaye sihiri yake hutoka damuni. Na kwa kuwa toleo hilo lilifuta makatazo ya jadi, mbilikimo wa milimani, ambaye mwaka 1978 hakuruhusiwa kabisa kuwa mchawi, aligunduliwa kuwa anafaa mno kwa kazi hiyo. Aliongezewa 2 katika Siha na kupunguziwa 2 katika Haiba, yaani alipewa anachokihitaji mchawi na kukatwa asichokihitaji. Mabwana hao wa nyundo na tanuri wakaonekana maktabani makundi kwa makundi, wakiletwa na hesabu.

Ilikuwa ni mwaka 2014, katika toleo la tano, ndipo mdai wa pili alipobisha mlango wa mchawi wa Lake Geneva kwa nguvu. Sihiri nyingi zenye kudumu, kanuni ilisema, zahitaji umakini. Mtu hashiki zaidi ya moja kwa wakati mmoja, na akipigwa hutupa dadu ya nyuso 20 kwa Siha yake ili asiipoteze. Kwa pigo dogo, mwenye Siha 8 huibakisha mara 50 katika 100. Mwenye 14, mara 65. Mwenye 16, mara 70. Akili bado ni malkia. Lakini sasa mchawi mwenye kichwa kikubwa na mwili wa kuazima huona sihiri yake bora ikivunjika mkononi kwa jiwe la kombeo. Pointi za kununulia ni 27, na hakuna sifa inayoruhusiwa kununuliwa kupita 15, hivyo fedha hubaki kwa ajili ya mwili.

Yaliyobaki yalikuwa mafungu yaliyotoka nje ya bajeti, yale ambayo kila kabila la kubuni liliongezewa kwa kuzaliwa kwake. Kitabu cha 2020 kiliruhusu yahamishwe kwenye sifa nyingine, na kitabu kipya cha wachezaji cha 2024 kikayaondoa katika nasaba na kuyatia katika maisha aliyoishi mhusika kabla ya mchezo kuanza: askari, baharia, mkulima, mwanachuoni. Mchezaji wa leo anayetaka mchawi aghalabu huchagua maisha ya mwanachuoni. Kitabu kinamruhusu mwanachuoni huyo kuongeza sifa tatu tu, na ya kwanza kutajwa kati ya hizo ni Siha.